Punia: Kabla ya kuagiza kardani ya gari ya kujiundia

Gari ikisimama katikati ya tope kwenye barabara ya Kindu kwenda Punia, abiria wanauliza kwanza kama ni motere au gurudumu. Dereva mzoefu hajibu. Anainama na kutazama chini ya tumbo la gari. Akikuta ile tuyo ndefu ya chuma imelala kwenye udongo, anajua kwamba motere inaweza kunguruma mpaka jioni na gari isisogee hata mita moja. Hiyo tuyo ndiyo kardani.

Kardani inachukua nguvu kwenye bwate ya vitesi, ile ambayo wenzetu wa Kampala na Nairobi wanaiita giaboksi, na kuipeleka kwenye ponti. Katika gari iliyotoka kiwandani nzima, hakuna anayeifikiria. Lakini gari nyingi zinazohangaika kwenye njia zetu si nzima tena. Shasi ni ya Land Rover, motere ni ya Toyota, ponti ni ya gari ya tatu ambayo hakuna anayekumbuka ilikufa lini. Ulaya kuna watu wanaofanya kazi hii kwa starehe: wananunua shasi na bodi mpya, wanatoa motere na bwate kwenye gari iliyogongwa, wanaunganisha nyumbani siku za Jumamosi. Kwetu hakuna starehe, lakini hesabu ni ile ile. Motere na ponti vikishafungwa, kila kimoja mahali pake, katikati kunabaki pengo, na ni bahati kubwa kukuta dukani kardani inayotosha pengo hilo. Lazima itengenezwe. Na mwenye mashine ya kuitengeneza mara nyingi hayuko Punia. Yuko Kindu au Kisangani, hajawahi kuiona gari yako, na anachojua ni namba ulizomtumia tu.

Namba moja ikikosewa, kardani inarudi ilikotoka, na safari hiyo inaweza kula wiki nyingi. Hiyo ni hasara ya pesa. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi, tutaifikia.

Zamani shida hii haikuwa na sura hii. Symétain, na baadaye SOMINKI, iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za bati za Kivu na Maniema, zilikuwa na garaji zao na mafundi wao, na barabara za migodi zilikuwa kazi yao. Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka kwenye soko la dunia, SOMINKI ikaanza kuishiwa nguvu, na miaka ya 1990 ikafa. Bati bado inachimbwa Punia, kwa mikono. Barabara na garaji ndizo hazikupata mrithi. Kwa hiyo mtu anayetaka kusafirisha mchele, mafuta ya mawese au mgonjwa anajiundia gari kwa anachokipata, na hakuna wa kumcheka kwa hilo.

Kitu chenyewe ni cha kale. Jina linatokana na Gerolamo Cardano, mwanahesabu wa Italia aliyeishi kutoka 1501 hadi 1576. Mwingereza Robert Hooke aliichunguza hesabu yake karne iliyofuata. Aliyeifanya iwe kitu cha gari ni Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hati ya ugunduzi mwaka 1903, wakati gari nyingi zilikuwa bado zinavutwa kwa mnyororo kama baiskeli. Jina Spicer bado linaonekana kwenye boksi za misalaba ya kardani hadi leo. Msalaba ni kile kipande chenye mikono minne kinachokaa kati ya uma mbili, na kila mkono umevikwa kikombe chenye sindano ndogo ndani. Msalaba ndio unaoiruhusu kardani kuzunguka huku imepinda.

Kabla ya kuingia chini ya gari na mita mkononi, kuna jambo la kujua kuhusu Land Rover za zamani. Freni ya mkono ya gari hizo haishiki magurudumu. Inashika mlango wa nyuma wa bwate, yaani inashika kardani. Ukifungua kardani ya nyuma wakati gari iko kwenye mteremko, umefungua pia freni ya mkono, na wewe uko chini. Kwa hiyo mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu kwanza, buloni baadaye. Hatari ni hiyo hiyo kwa gari inayosubiri kuvuka Elila au Ulindi kwenye ukingo wenye utelezi: kardani ikikatika hapo, freni ya mkono haishiki kitu tena, na vitesi ya kwanza ambayo dereva aliiacha imeingia haizuii chochote.

Sasa kipimo. Kosa la kwanza, na ndilo linaloharibu kardani nyingi, ni kupima gari ikiwa imeinuliwa kwa kriki. Ponti inaning'inia, resori zimenyooka vingine, na namba unayoipata ni ya gari inayoruka hewani. Gari inapimwa ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, mahali pa usawa, ikiwa na mzigo unaofanana na ule itakaoubeba kila siku. Magunia machache ya mchanga yanatosha. Hapo unapima kutoka uso wa sahani ya bwate, ile ya duara yenye matundu ya buloni, mpaka uso wa sahani ya ponti. Chuma kwa chuma. Usipime kutoka kwenye buloni wala kutoka katikati ya msalaba, isipokuwa umekubaliana hivyo na fundi atakayeitengeneza.

Namba hiyo moja bado haitoshi. Ponti inapanda na kushuka, na kila inapofanya hivyo pengo linabadilika. Ndiyo maana kardani ina sehemu ya kuteleza: chuma chenye meno kinachoingia ndani ya kingine na kutoka. Tuchukue mfano. Gari ikiwa na mzigo wa kawaida, pengo ni sentimita 92. Ukiibinya mpaka ponti iguse kisimamo chake, pengo linakuwa 90.6. Ukiinua shasi mpaka ponti ining'inie, linafika 94.1. Mwendo wote ni sentimita 3 na nusu. Kardani ikifungwa kabisa lazima ibaki fupi kuliko 90.6, na uache nafasi ya sentimita moja zaidi, maana kisimamo cha mpira nacho kinabonyea gari ikidumbukia shimoni. Na ikivutwa mpaka 94.1, meno lazima yawe bado yameshikana kwa urefu mzuri. Yasiwe yameshikana kwa ncha tu.

Ikiwa ndefu sana, siku gari inapodumbukia, kardani inakosa mahali pa kwenda, inasukuma bwate kwa nyuma, na rulema inavunjika au kasha linapasuka. Gharama hiyo ni kubwa kuliko ya kardani yenyewe. Ikiwa fupi sana, meno yanachomoka gari inaporuka tuta. Na hapa ndipo ile hasara nyingine. Kardani ikichomoka upande wa mbele, ncha yake inaanguka barabarani huku gari inaendelea kwenda. Ikijichomeka kwenye udongo, inaweza kuinua gari nzima au kupenya sakafu pale abiria walipokaa. Niliwahi kuwa ndani ya gari iliyochomokwa na kardani tukipanda taratibu, na mlio wa chuma kikipiga sakafu chini ya miguu yetu ulitosha kunyamazisha watu wote mpaka asubuhi tuliyolala hapo. Tangu siku hiyo, ninapopanda gari ya kujiundia, naangalia kama kuna pete ya chuma inayozunguka kardani karibu na ncha ya mbele. Ni kipande cha chuma bapa kilichopindwa na kufungwa kwenye shasi. Fundi wa kuchomelea yeyote wa Punia anaweza kukitengeneza, na sielewi kwa nini gari nyingi hazina.

Baada ya urefu ni pembe. Msalaba ukizunguka umepinda, hauzunguki sawasawa: unaharakisha na kuchelewa mara mbili kwa kila mzunguko. Kwenye pembe ya digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 kwenda juu na kushuka. Kwenye digrii 20 inafika asilimia 6, na abiria wanaisikia kwenye meno yao. Msalaba wa pili, upande wa ponti, unafuta kosa la wa kwanza, lakini kwa masharti mawili. Pembe za pande mbili ziwe sawa, yaani chuma kinachotoka kwenye bwate na kinachoingia kwenye ponti vilale sambamba. Na uma mbili za kardani zenyewe zitazame upande mmoja.

Kupima pembe siku hizi hakuhitaji chombo cha kigeni. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo. Safisha uso wa sahani, weka simu juu yake, andika namba. Fanya hivyo bwateni, kwenye kardani au kamba iliyonyooshwa mahali pake, na kwenye ponti. Kwa gari ya lami, wajenzi wanapenda kila msalaba ubaki chini ya digrii 3 hivi. Kwa Land Rover iliyofupishwa na kuinuliwa, hiyo ni ndoto, na kwa mwendo wetu pembe kubwa zaidi inavumilika ilimradi pande zote mbili zilingane. Usitafute sifuri pia: msalaba ulionyooka kabisa hauchezeshi sindano zake, na sindano zisizosogea zinachimba mashimo kwenye chuma mahali pale pale.

Land Rover ya zamani ina mtego wake. Kichwa cha ponti yake hakiko katikati. Kiko upande wa kulia. Ukiifunga bwate ya gari nyingine ambayo mlango wake uko katikati, kardani inapinda kwenda chini na kwenda kando kwa wakati mmoja. Pembe hizo mbili hazijumlishwi moja kwa moja: digrii 4 kwenda chini na 3 kwenda kando zinafanya 5. Anayepima ya chini tu anajidanganya.

Kuna wanaosoma mambo haya kwenye mitandao na kuogopa kwamba tuyo ndefu itayumba kwa mbio. Ni kweli, lakini angalia namba. Tuyo ya chuma yenye upana wa milimita 75, unene wa milimita 2 na urefu wa mita 1.5 inaanza kuyumba hatari kwenye mizunguko kama 5,500 kwa dakika. Gari inayokwenda kilomita 30 kwa saa inazungusha kardani yake kama mara 800 au 900 tu. Nani anakwenda mbio zaidi ya hapo kati ya Kalima na Punia wakati wa mvua? Shida yetu ni nguvu. Motere yenye nyutoni-mita 280, vitesi ya kwanza inayozidisha mara 4, na vitesi nzito ya 4x4 inayozidisha mara 2, inamwaga zaidi ya nyutoni-mita 2,200 kuelekea kwenye kardani. Magurudumu ya mbele yakiteleza kwenye tope, karibu yote yanaangukia kardani ya nyuma. Kwa hiyo kama fundi anakupa kuchagua kati ya tuyo nyepesi na nene, chukua nene. Na tuyo ya maji, ile ya bomba la nyumba, isiguswe kabisa. Ni laini, haikunyooka, na haikutengenezwa kwa kusokotwa. Tuyo ya kardani ya kamio iliyokufa ni bora mara kumi.

Kufupisha kardani ya zamani ndiyo njia ya bei nafuu. Land Rover ya inchi 109 ikifupishwa kuwa ya inchi 88, kunaondoka inchi 21, sentimita 53 na ushee, na mara nyingi zote zinatoka kwenye kardani ya nyuma. Kabla ya kukata, chora mstari mmoja ulionyooka kwa rangi kutoka uma hadi uma. Mstari huo ndio utakaokuonyesha kwamba uma zimerudi kutazama upande mmoja baada ya kuchomelea. Fundi mzuri anakata chomeleo la kiwandani kwenye mashine ya kuchonga, anaingiza uma kwenye tuyo fupi, anashika kwa nukta nne zinazokabiliana, anazungusha na kupima, ndipo anazunguka na moto. Ikiyumba nusu milimita katikati, tayari ni nyingi. Vile vibati vidogo vilivyoshikwa kwenye tuyo si uchafu wa kiwandani: ni uzito wa kusawazisha, usivigonge.

Mashine ya kusawazisha ikikosekana, kuna ujanja wa zamani. Funga pete mbili za kubania mpira wa maji kwenye tuyo karibu na ponti, endesha, sikiliza mtetemo, zisogeze kidogo kuzunguka tuyo, endesha tena. Ni kazi ya asubuhi nzima, na inasaidia.

Wapi pa kuipata? Mpaka mwanzoni mwa 2025 piesi nyingi za mashariki zilipitia Goma na Bukavu, zikitoka Kampala kwenye soko la Kisekka, Nairobi au Dar es Salaam. M23 ilichukua Goma Januari mwaka huo na Bukavu Februari, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na biashara ikabidi itafute njia nyingine. Kwa mtu wa Punia, zinabaki Kisangani kupitia Lubutu, na Kindu, ambako reli ya SNCC inaleta mizigo ya kutoka Katanga inapotembea. Ndege ndogo zinazotua Punia zinaweza kubeba kardani, lakini kumbuka kutaja urefu wake unapoulizwa uzito.

Unapoagiza, usitume jina la gari peke yake. "Kardani ya Toyota" haina maana kwa gari ambayo ni Toyota mbele na Rover nyuma. Tuma urefu tatu tulizotaja. Tuma kipimo cha kila sahani: upana wake, umbali kati ya tundu na tundu linalolikabili, ukubwa wa buloni, na upana wa kile kidundu cha katikati kinachoishikilia sahani isihame. Kwa msalaba, pima kwa kaliba upana wa kikombe na umbali kutoka kikombe hadi kikombe. Msalaba wa Spicer unaoitwa 1310, kwa mfano, una kikombe cha milimita 27 na upana wa 81.8. Taja pia kama pete za kuzuia vikombe ziko nje au ndani. Kama pande mbili za kardani ni za kampuni mbili, fundi atachomelea uma ya huku na uma ya kule kwenye tuyo moja. Hilo ni salama kuliko kutoboa matundu mapya kwenye sahani ya zamani, jambo ambalo naliona mara nyingi kupita kiasi.

Na hata ukiwa na namba zote, paka sahani grisi kidogo, bandika kartoni juu yake, ibonyeze kwa kiganja mpaka matundu yote yajichore. Andika juu yake "bwate" au "ponti". Zikunje, mpe dereva au rubani azipeleke. Fundi wa Kindu akiweka kartoni hiyo juu ya sahani aliyonayo, atajua mara moja kama zinalingana, bila simu kumi za kuelewana.

Wengine wanauliza kama haiwezekani kuikwepa kardani kabisa. Inawezekana. Citroën ilifanya hivyo kwa Baby-Brousse, gari rahisi iliyounganishwa Côte d'Ivoire tangu miaka ya 1960, na kwa FAF iliyofuata, ambayo herufi zake zilimaanisha rahisi kutengeneza na rahisi kulipia. Motere ilikuwa mbele na ilivuta magurudumu ya mbele. Lakini pakia magunia nyuma, panda kilima cha udongo mwekundu baada ya mvua, uone magurudumu ya mbele yanavyozunguka bure. Mobius ya Kenya, iliyoundwa kwa ajili ya barabara mbovu za Afrika, ilirudi kwenye kusukuma kwa magurudumu ya nyuma, na kwa hiyo kwenye kardani. Hiyo kampuni ilitangaza kufunga Agosti 2024, kisha ikapata mnunuzi.

Kardani ikifika Punia na kufungwa, usipakie siku hiyo. Tia grisi kwenye misalaba mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne. Endesha kilomita chache, kaza buloni tena. Kisha futa vizuri sehemu ya kuteleza, ipake rangi nyembamba ya rangi yoyote, na uende safari ya kwanza na mzigo mdogo. Ukirudi, ingia chini uangalie pale rangi ilipokwaruzwa: mkwaruzo unaonyesha kardani ilisogea umbali gani kweli. Kama umefika mwisho wa meno upande wa ndani, fungua kabla ya safari ya pili.